Wati Mia Mbili na Hamsini

Mjomba Shivachi tulimzika Jumamosi, na mazishi yake yakarushwa moja kwa moja kwenye simu za watu. Vijana wawili walikuja na kamera ndogo inayoruka, wakaizungusha juu ya mahema na migomba, na binti yake aliye Qatar akaliona jeneza likiteremka saa ileile tuliyoliona sisi. Kabla wali haujaiva vijana walikuwa wamefunga vitu vyao na wanaulizia soda. Nilijikuta nimewakasirikia bure. Mimi ni fundi wa umeme wa miaka mingi, mama wa watoto wa sekondari, na nilisimama pale na leso kiunoni nikitaka kuwafuata niwaulize kama wanajua kazi hiyo ilikuwa inachukua siku ngapi, na kwamba kuna mtu iliyomfungia ndani miezi minane. Lakini wangejua vipi? Mwaka ule wao walikuwa wananyonya. Nikaenda kusaidia kupanga viti, na kichwa changu kikarudi chenyewe kwenye kile chumba.

Studio ya mjomba ilikuwa nyuma ya soko mjini Kakamega, ukuta kwa ukuta na kinu cha kusaga mahindi. Ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa cha picha, chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo mchoraji hakuwahi kuyaona. Cha kati walikaa mjomba na mkewe, Auntie Berita, wakipikia huko na kulala huko, kitanda kikiwa nyuma ya shuka la maua. Cha mwisho kilikuwa changu na kompyuta. Kitanda, meza, magunia mawili ya mahindi, na dirisha la vyuma lililotazama ukuta wa kinu, karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukaugusa. Dirisha halikufunguliwa kamwe, maana vumbi la unga lilikuwa linaingia kwenye mashine. Ili nitoke nje ilinibidi nipite chumba cha mjomba, na nilipopita niliulizwa. "Unaenda wapi, mwiwa? Mashine umeiacha na nani?" Swali la kwanza lilikuwa la adabu tu. La pili ndilo lililonirudisha ndani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefika Januari kwa wiki mbili, kumfundisha mjomba kutumia kompyuta aliyoinunua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo mambo hayo baada ya kidato cha nne. Kwetu mtoto wa dada anaitwa mwiwa, na mwiwa hamkatalii mjomba. Siyo sheria iliyoandikwa mahali, lakini jaribu kuivunja uone utakavyotazamwa. Sandukuni nilikuwa na barua ya chuo cha ufundi Eldoret, kozi ya umeme, kuripoti mwezi wa tano. Mwezi wa tano ulipofika mjomba aliniomba nivute mpaka Septemba, kazi zimekuwa nyingi. Chuo kikakubali, kwa barua ya mistari mitatu, na mstari wa tatu ulisema nafasi hiyo haitasogezwa tena. Niliusoma mstari huo mara nyingi sana. Septemba isiponikuta Eldoret, basi ningezeekea kwenye kile chumba nikitazama watu wakizikwa.

Maana kazi yetu ilikuwa hiyo, mazishi. Harusi zilikuja mojamoja, lakini mazishi hayakosi Jumamosi. Mjomba alikwenda na kamera Navakholo, Lubao, hata Mautuma, akarudi na ukanda wa saa tatu au nne, nami nikauingiza kwenye kompyuta, nikapunguza mahali kamera ilipotazama miguu ya watu, nikaweka jina la marehemu na wimbo. Kisha mashine ilipaswa kuunganisha yote hayo iwe video moja. Mjomba aliita hatua hiyo kupika. "Imeiva?" alikuwa akiuliza kutoka chumba cha kati, na mimi nikijibu, "Bado." Haraka yote ilitokana na siku ya kunyoa. Mtu akizikwa Jumamosi, Jumanne ukoo unaketi, vichwa vinanyolewa, mambo ya marehemu yanasemwa na kumalizwa, na watu walikuwa wameanza kupenda kuitazama video siku hiyo wakiwa wote pamoja. Baada ya Jumanne kila mtu anatawanyika kwake, na video yako unaweza kukaa nayo. Kompyuta yetu, mzee wa ofisi aliyestaafishwa na wenyewe, ilipika kuanzia alfajiri hadi usiku, na kinu cha jirani kilipoanza kunguruma taa zilififia, na mara nyingine mashine ikazima na upishi ukaanza upya. Jumatatu zote za mwaka ule nilizipitisha kitandani nikitazama mstari wa kijani ukisogea.

Dawa niliipata kwenye sabere, duka la intaneti lililokuwa karibu na stendi, siku mjomba aliponituma kuchapisha programu ya mazishi. Nilisoma huko kwamba akili ya kompyuta ina mwendo iliopangiwa na walioiunda, lakini mwendo huo unaweza kuongezwa na mtu yeyote mwenye subira, kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mashine haijaamka vizuri. Niliandika yote kwenye daftari. Waliokuwa wakieleza walionya jambo moja kwa herufi kubwa: mwendo ukiongezeka, mashine inakula umeme zaidi na inachemka zaidi, kwa hiyo kwanza angalia kisanduku kinachoigawia umeme. Nilirudi nikafungua ubavu wa mashine na kutazama. Kisanduku chetu kiliandikwa wati mia mbili na hamsini. Wale wa kwenye ukurasa walikuwa na mia tano na zaidi, na bado walikuwa wanaogopa.

Mimi sikuogopa, nilipiga hesabu. Wati mia mbili na hamsini ni kama obusuma, ugali, wa watu wanne: ukitaka mmoja ale zaidi, lazima uwaondoe wengine mezani. Nikaondoa. Kile kiendeshi cha disketi ambacho hakuna aliyekitumia nikakichomoa. Feni ya urembo yenye taa ya buluu nikaichomoa, mjomba akalalamika kwamba wateja waliipenda. Kiendeshi cha kuchomea diski nikakichomoa pia, kikawa kinarudishwa upishi ukiisha. Nyaya zao za umeme zikabaki zinaning'inia. Kisha nikaanza kuongeza mwendo, kidogokidogo, kutoka mia mbili, kwa kipimo cha mwendo cha ule ukurasa, hadi mia mbili na kumi, nikapika wimbo mmoja wa jeneza mara kumi mfululizo, nikatia mkono kuhisi joto, nikaongeza tena. Kwenye mia mbili thelathini na tano mashine iliganda katikati ya pambio. Nikarudi thelathini, ikatulia. Ubavu niliuacha wazi, feni ya mezani ikipuliza ndani mchana kutwa. Jumatatu iliyofuata, upishi ulioanza asubuhi ulimalizika kabla ya jua kuzama. Nilikimbilia chumba cha kati nikapiga kelele, "Imeiva!" na Auntie Berita akadondosha mwiko. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama siku ile, hata siku ya kupata leseni yangu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mashine ikikimbia, viporo vitaisha, viporo vikiisha, Septemba nitaondoka. Sikujua mjomba naye alikuwa na hesabu yake. Wiki hiyohiyo alimwita mwandishi wa vibao, na ubao wa nje ukaongezwa maneno MAZISHI NA HARUSI, TAYARI SIKU MOJA. Akaanza kuazima kamera ya pili. Badala ya mazishi mawili kwa wiki yakaja manne, matano. Kila nilipoisukuma mashine, chumba kilizidi kunibana, na aliyekuwa anakibana ni mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mjomba hakuwa mtu mbaya, na ningekuwa na nafuu kama angekuwa mbaya. Alininunulia sweta. Alinibakishia nyama. Wateja walipokuja aliwaleta hadi mlangoni pangu, akanionyesha nikiwa nimekaa kitandani na daftari. "Huyu ni injinia wangu. Hii mashine inamsikianga yeye peke yake." Walitabasamu, nami nikatabasamu, na nikatamani ardhi ipasuke.

Alasiri moja ya mwezi wa saba mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu juu ya mabati, stima imepotea, taa zote zimezimika, na mimi nilikuwa nimejilaza. Nadhani mjomba na mkewe walifikiri nimelala, au walidhani mvua inatosha kuwafunika. Ilipopungua ghafla sauti zao zikabaki peke yake. Auntie Berita alikuwa anasema, "Sasa huyu akienda, nani ataamshanga hiyo kitu?"

"Haendi," mjomba akasema. "Atasoma mwaka ujao. Shule si inakaanga tu hapo? Haiendi mahali."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia akimaliza kazi ya Mautuma. Usimchokoze sasa. Akikasirika atafanya vibaya."

"Huyo mtoto amekonda, Baba Sifa."

"Basi mwongezee chakula."

Nikalala pale nikitazama mabati. Jioni Auntie Berita aliniongezea chakula kweli, obusuma mkubwa na mrenda, na mjomba akanisukumia bakuli la samaki. Nilikula chote. Lolote ambalo ningesema lingegeuzwa kuwa utovu wa adabu. Lakini kuanzia siku hiyo niliichukia ile mashine kwa chuki ambayo ilipaswa kwenda kwa watu.

Agosti akafa Mama Habil wa Navakholo. Sikuwa namjua. Habil, kifungua mimba wake, aliyempa mama huyo jina ambalo wote walimwita, alikuwa ng'ambo miaka sita, na karatasi zake hazikuwa sawa: akitoka huko harudi tena, na alikuwa na watoto wadogo wawili waliomtegemea. Kwa hiyo mama yake alizikwa bila yeye. Jumamosi mjomba alipiga picha, jioni nikauingiza ukanda kwenye kompyuta, nikiutazama wote kwa sababu haukuingia haraka kuliko ulivyochezwa. Jumapili nikautazama tena nikiurekebisha. Mchana huo Habil akapiga simu ya mjomba, naye akanipa.

"Dada, wewe ndiye unatengeneza ya mamangu?"

"Ndiyo. Pole sana."

"Unamuona?"

"Namuona."

"Usikate kitu, tafadhali. Hata watu wakikula, wacha. Mimi nataka kukaa hapo ndani kuanzia asubuhi mpaka jioni." Alikuwa na sauti ya mtu anayejikaza. "Kuna mchungaji anasafiri Jumatano. Nimemwomba anibebee."

Nikamwambia itakuwa tayari. Nikamrudishia mjomba simu, naye akaondoka na ukanda uleule kwenda Lubao, kupiga harambee ya kanisa juu yake. Ndivyo tulivyofanya siku zote: mazishi yakishaingia kwenye kompyuta, ukanda unafutwa na kazi inayofuata. Studio nyingine labda zilitunza kanda zao kwenye kabati. Sisi tulikuwa na kanda mbili.

Jumatatu upishi ulianza asubuhi na mapema. Kama saa tisa mchana nilikuwa nimekaa mlangoni na beseni la mrenda, nauchambua, mjomba alipoingia na kitu alichokifunga kwa gazeti. Vilikuwa viendeshi viwili vya kuchomea diski, amevipata kwenye sabere iliyofungwa. Ukoo wa Navakholo walitaka nakala nyingi Jumanne, akasema, na sasa tutachoma tatu kwa mpigo. Aliinama kwenye ubavu wazi wa mashine, akaziona zile nyaya za umeme nilizoziacha zikining'inia, akashika moja. Mashine ilikuwa inapika, katika mwendo wa mia mbili thelathini. Alijua kwamba hajui. Aligeuka akaniangalia.

"Mwiwa, itabeba?"

Nilijua haitabeba. Nilijua kwa wati, kwa daftari, kwa ngozi ya mkono wangu. Ilinitosha kusema "zima kwanza", au "rudisha mwendo wake wa zamani", jambo la dakika mbili. Nilimtazama mjomba akiwa ameinama, sweta lake likiwa limetoboka kiwiko, nikaisikia tena sauti yake chini ya mvua ikisema haendi. Nikasema, "Jaribu."

Akachomeka ya kwanza, na hakuna kilichotokea. Akachomeka ya pili. Jirani naye akawasha kinu, taa ikafifia, na kisanduku kikapasuka kwa mlio mdogo tu, kama chupa ya soda ikifunguliwa. Kikafuata moshi na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia kazini natoka nje. Kioo kilikuwa cheusi. Mjomba alirudi nyuma akiwa bado ameshika waya. Nilichohisi kwanza, na naandika hivi kwa kuwa sina tena wa kumficha, kilikuwa furaha. Furaha kabisa, ya kufunguliwa. Ilidumu mpaka mjomba aliposema polepole, "Na Mama Habil?" Mimi sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Fundi wa mjini alisema kisanduku kimeondoka na kila kitu, hata diski iliyokuwa inatunza picha. Jumanne, siku ya kunyoa, mjomba alikwenda Navakholo mwenyewe, mvua ikimnyeshea. Alisema ni stima, na nadhani aliamini ni stima. Hakuniuliza lolote kuhusu lile neno langu. Jioni alirudi na kuku mkononi, hai, amefungwa miguu. Waliofiwa walimhurumia kwa hasara yake, wakampa ingokho. Auntie Berita akaipika kesho yake, na mimi nikawekewa paja. Mchungaji alisafiri siku hiyo bila kitu. Baada ya kula mjomba akanawa mikono, akasema, "Sasa kazi haiko. Enda shule, mwiwa." Alinisindikiza stendi na sanduku langu kichwani mwake, mtu mzima, watu wakitazama. Nilifika Eldoret siku tatu kabla ya mwisho.

Nimekuwa na maisha mazuri tangu hapo, na sitajifanya kwamba nayajutia. Nikifundisha vijana, huwa nawaambia wasome kwanza maandishi ya kwenye kisanduku, wajue kinaweza kubeba nini kabla ya kuongeza chochote, na wao huandika hayo wakidhani ni somo la umeme. Mjomba nilimtembelea kila Desemba. Mara nyingi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumwambia, akaniita injinia mbele ya wageni, nikanyamaza. Sasa amezikwa na nafasi hiyo imekwenda naye.

Jumamosi ile, baada ya chakula, mwanamume mmoja mwenye mvi alikuja kwenye viti tulivyokaa akaulizia yule mwiwa aliyekuwa na kompyuta. Nilimtambua kwa sauti kabla hajataja jina. Habil alirudi nyumbani karatasi zake ziliponyooka, akamkuta baba yake yu hai, mama ni kaburi la saruji. Alikuja kumzika Shivachi, akasema, kwa sababu Shivachi alikuja kwao kwenye mvua. "Yeye aliniambia stima ndiyo ilikula video ya mama. Niliilaani hiyo stima miaka mingi, dada."

"Haikuwa stima," nikasema. "Ilikuwa mimi." Nikamweleza yote, kinu, nyaya, barua ya chuo, na lile neno moja. Alisikiliza akitazama chini, akichora udongoni kwa ncha ya kiatu. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Badala yake alivuta kiti cha plastiki mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Uliona yote?"

"Mara mbili."

"Basi niambie. Anza asubuhi."

Nikaanza asubuhi. Nilimwambia ukungu, na jeneza la rangi ya maziwa lililowekwa chini ya mparachichi, na jinsi kila aliyesimama kusema alisema Mama Habil, Mama Habil, mpaka jina lake yeye, Habil, likawa limetajwa kuliko la marehemu mwenyewe. Nilimwambia nani alilia kwa sauti na nani alikuwa anamfukuzia nzi. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nayo yote, kila picha mahali pake. Kisha nikafika pale watoto walipoitwa wasimame mbele, wapangwe kwa kufuatana, na ulimi ukanikwama, kwa sababu nilikumbuka nilichofanya pale. Mstari ulikuwa na mwanya. Kati ya Mzee Makokha, baba yao aliyesimama mwanzo wa mstari, na dada yake Habil, Jentrix, palikuwa wazi, na mimi nilidhani mjomba amepiga picha vibaya, kwa hiyo nilipokuwa nikiirekebisha nikaisogeza na kuikata pembeni, mwanya ukabaki nje ya picha, ili watu waonekane wamekaribiana, ipendeze. Sasa, kwa miaka yangu hii, nikauona vizuri.

"Walikuachia nafasi," nikamwambia. "Mchungaji alimwambia Jentrix asogee ajaze. Alimwambia mara mbili. Alikataa kusogea."

Habil akaacha kuchora udongoni. Kisha akauliza ilikuwa nafasi kubwa kiasi gani. Nikainua mikono nikamwonyesha, upana wa mabega ya mtu mmoja. Aliitazama mikono yangu mpaka ikaanza kuniuma, na sikuishusha.